Kiti cha pili ni cha nani? Kwa wewe unayetamani gari la viti viwili

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu yangu, kuna swali linanijia mara kwa mara kutoka kwa vijana wenye kipato kizuri, na siku hizi hata kwa watu wazima wenye mvi. Muulizaji huanza kwa kuzunguka. "Sheikh, hivi mtu akipenda kitu kizuri ni dhambi?" Unamuuliza kitu gani hicho. Anatuma picha. Kigari kifupi, kiko chini karibu na lami, viti viwili tu, paa la turubai linakunjwa nyuma. Halafu anasubiri. Ama nimwambie ni israfu ili anune, ama nimwambie ni halali ili akamwoneshe mkewe ujumbe wangu.

Sitakupa neno moja. Nitakupa mambo ya kupima, na maoni yangu sitayaficha, lakini mfuko ni wako. Siku ya hesabu utaulizwa wewe mali uliipata wapi na uliipeleka wapi.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Kupenda kipando chepesi chenye mbio si aibu katika dini yetu. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, aliandaa mashindano ya farasi pale Madina. Farasi waliokuwa wameandaliwa na kufanyiwa mazoezi walikimbizwa masafa marefu, kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa. Wale ambao hawakuandaliwa walikimbizwa masafa mafupi, kutoka Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Banu Zurayq. Na Abdullah bin Umar, radhi za Allah zimfikie yeye na baba yake, alikuwa miongoni mwa walioshindana. Zingatia mambo mawili hapo. Palikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, panajulikana. Na kila mnyama alipewa umbali kwa kadiri ya maandalizi yake. Liweke hilo akilini, tutalihitaji tukifika kwenye injini.

Kwa hiyo mimi sigombani na mbio wala na uzuri. Ninachokuuliza ni kuhusu kile kiti cha pili. Ni cha nani?

Sikiliza vizuri hapa. Ukinunua gari la viti vitano hujaamua chochote kuhusu watu wako. Wote wanaingia, wanabanana, safari inaenda. Ukinunua la viti viwili umeshaamua, hata kama hujasema kwa mdomo, kwamba mmoja atakaa na waliobaki watatafuta bodaboda. Siku ya Idi hilo ni jambo la kucheka tu. Lakini usiku mama yako amebanwa na kifua, hawezi kukaa wima, anahitaji kulala siti ya nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake. Siti ya nyuma haipo. Mkeo ameshikwa na uchungu saa nane za usiku na dada yake anataka kwenda naye hospitali. Dada akae wapi? Kuna msiba mtaani, wazee wanne wamesimama kibarazani wanasubiri mwenye gari awafikishe makaburini, na wewe unapita na nafasi moja. Utamchagua yupi?

Na kuna watoto. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu: kiti cha mtoto mchanga, kile kinachogeuzwa kutazama nyuma, hakifungwi kamwe mbele ya ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali. Mfuko ule unafumuka kwa nguvu kubwa mno, na unaweza kumuua mtoto ambaye ajali yenyewe isingemuua. Kwenye gari la viti viwili mtoto hana pengine pa kukaa isipokuwa hapo mbele. Baadhi ya magari haya yana namna ya kuzima mfuko wa upande wa abiria, mengine hayana, na lazima ujue lako ni la aina gani kabla hujampandisha mtoto. Kumpakata ndiyo mbaya zaidi. Usiniambie "ni hapo tu madrasa".

Basi maoni yangu ni haya, na wala sitayazungusha. Ikiwa hilo ndilo litakuwa gari pekee la nyumba yenye mke na watoto, usilinunue. Uchukue la viti vitano, lisilovutia, uvumilie. Sikwambii ni haramu, nakwambia umeiweka raha yako juu ya haja za wanaokutegemea, na hilo lina jina lake. Lakini ikiwa bado hujaoa na unaishi peke yako, au nyumba ina gari jingine la kubeba watu, tuendelee kuzungumza, kwa sababu hapo hali inabadilika kabisa.

Inabadilika kwa sababu kiti cha pili kinaweza kuwa heshima. Katika Hija ya kuaga, Mtume alimpandisha Usama bin Zayd nyuma yake kutoka Arafa mpaka Muzdalifa, kisha kutoka Muzdalifa mpaka Mina akampandisha Fadhl bin Abbas. Ngamia anabeba wawili. Watu maelfu kwa maelfu wamekuja kuhiji, na nafasi ile moja wanapewa vijana! Anayekaa karibu namna ile anasikia kinachosemwa kwa sauti ya chini. Wangapi kati yetu tumeoa miaka kumi, watoto wamejaa siti ya nyuma wanagombania simu, na hatujapata dakika arobaini za kuongea na wake zetu bila mtu wa tatu? Gari la viti viwili, kwa mume na mke waliowaacha watoto kwa bibi Jumamosi jioni, linaweza kuwa na kheri ambayo gari la viti saba halina. Nimeliona hilo kwa watu ninaowafahamu.

Na wewe kijana ambaye hujaoa, unajua vizuri kuwa kiti hicho kina hatari yake. Hakuna gari linalorahisisha faragha ya wawili kama hili. Sitarefusha, umenielewa.

Tuje kwenye kuchagua. Magari ya aina hii ni mengi na sitayapitia yote, nitakaa kwenye moja ambalo naona ndilo linalomfaa mtu wa kwetu, yaani Mazda. Huko Ulaya linaitwa MX-5, Marekani walilizoea kwa jina la Miata, na Wajapani wa mwanzo waliliuza kama Eunos Roadster. Lilioneshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Wakati huo vigari vya Waingereza vya aina hii, kina MG na Triumph, vilikuwa vimeshaacha kutengenezwa. Vilisifika kwa uzuri na kwa kuvuja mafuta. Wajapani wakachukua wazo lilelile wakaliwekea injini inayowaka kila asubuhi. Ilipofika 2016 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni moja, na hakuna gari jingine la spoti la viti viwili lenye paa la kufunguka lililouzwa kiasi hicho.

Wahandisi wake walikuwa na msemo wa Kijapani, jinba ittai, maana yake farasi na mpandaji wawe mwili mmoja. Angalia, wamerudi kwenye farasi. Na namna walivyolifanikisha si kwa nguvu, ni kwa wepesi. Gari la kwanza lilikuwa na injini ya sisi 1600, nguvu za farasi kama 120, uzito wa kilo 940 hivi. Toleo la nne, lililotoka 2015, bado linacheza kwenye kilo 1000, wakati magari mengine yote duniani yamenenepa. Linganisha na Land Cruiser ya mfululizo wa 200, inazidi tani mbili na nusu. Injini ya Mazda imekaa mbele, imesogezwa nyuma kidogo kuelekea kwa dereva, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu. Ndiyo maana ukikata kona unahisi gari linazunguka pale ulipokaa wewe.

Kwa nini nasema linatufaa? Kwa sababu raha yake unaipata kwenye mwendo wa sheria. Ndani ya miji yetu, Tanzania na Kenya, kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye kigari chepesi, gia za mkono, paa wazi, umekaa chini, hamsini inatosha kukufurahisha. Gari lenye nguvu za farasi 400 kwenye hamsini limelala usingizi. Ili ulihisi lazima uvunje sheria na uhatarishe watoto wa watu wanaovuka kwenda shule. Basi ukinunua nguvu ambayo huwezi kuitumia ila kwa kumdhulumu mtu, umenunua nini hasa?

Na hapa turudi kwa wale farasi ambao hawakuandaliwa. Kuna Honda S2000, injini yake ya mwanzo ilikuwa inapanda mpaka mizunguko 9000 kwa dakika. Kuna Toyota MR2, injini iko nyuma ya mgongo wako, mbele ya magurudumu ya nyuma. Ni magari mazuri, sitayasema vibaya. Lakini gari ambalo uzito wake mwingi uko nyuma, ukiingia kona kwa kasi kisha ukaogopa na kuachia mafuta ghafla, mkia unataka kutangulia. Lami ikiwa imelowa mvua ya kwanza, ile inayochanganyika na vumbi na mafuta, inatokea kabla hujamaliza kusema astaghfirullah. Kama umejifunzia udereva kwenye IST ya otomatiki inayovuta kwa magurudumu ya mbele, wewe ni farasi ambaye hajaandaliwa. Masafa yako ni mafupi. Hakuna aibu. Hata hiyo Mazda inasukuma kwa nyuma, kwa hiyo mwezi wa kwanza iendeshe kama umembeba bibi yako.

Kwa upande wa kulipata, wengi huagiza Japani kwa sababu usukani uko upande wetu. Hapo pana mambo ya nchi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Mkenya anayetaka lile la zamani lenye taa zinazoinuka, lililotengenezwa mpaka 1997, atafute lililokwisha kuingia nchini zamani. Uganda wameweka kikomo cha miaka 15. Tanzania gari kuukuu linaingia, ila linaongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake, na ushuru huo unaweza kukushangaza kuliko bei ya gari. Piga hesabu ya kulitoa bandarini kabla hujatuma hata shilingi moja. Nimeona watu wakifanya hesabu ya bei ya mnada tu, halafu gari linakaa bandarini tozo ya kuhifadhi ikipanda kila siku huku mwenyewe anakopa huku na huku.

Uliza karatasi ya mnada, usikubali picha peke yake. Ukiona alama ya herufi R, ujue gari limewahi kupata ajali likatengenezwa. Kwa gari la familia pengine ungesamehe. Kwa gari ambalo thamani yake yote iko kwenye kunyooka kwa bodi na kukaa sawa kwa magurudumu, mimi nisingesamehe.

Na kutu. Ndugu yangu, kutu ndiyo adui wa matoleo mawili ya kwanza ya Mazda hii. Lazima ujue inavyoanza. Nyuma ya viti, pale paa la turubai linapoingilia, kuna vitundu viwili vya kupitisha maji ya mvua, kimoja kila upande. Majani na vumbi vikiziba vitundu hivyo maji hayatoki. Yanaingia ndani ya kingo za chini ya milango, yanakaa, na chuma kinaoza kutokea ndani. Kwa nje rangi inang'aa. Fundi akigonga kwa bisibisi, inatoboka. Kwa hiyo unapokagua, piga magoti, pitisha mkono chini ya mlango mbele ya gurudumu la nyuma, na usitosheke na mng'ao. Nasi watu wa pwani, chumvi ya bahari iko hewani mwaka mzima, kwa hiyo maradhi hayo kwetu yanakwenda haraka zaidi. Vitundu hivyo visafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa waya laini usio na ncha kali. Ni kazi ya dakika kumi.

Kuishi nalo ni subira, nikwambie ukweli. Tumbo la gari liko chini. Toleo jipya lina nafasi ya sentimita 14 hivi kutoka ardhini, na matuta yetu mengine yamejengwa na watu waliokuwa na hasira. Utajifunza kupanda tuta kwa ubavu, gurudumu moja moja, na mwenye daladala nyuma yako atapiga honi. Mvua ikinyesha Dar es Salaam na Jangwani ikijaa maji, wewe hupiti, wala usijaribu kwa sababu umeona Noah imepita. Buti la toleo la nne lina lita 130, yaani mabegi mawili madogo, na gunia la mchele halimo. Na kwenye toleo la tatu na la nne hakuna tairi la spea! Wanakupa chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari, haizibi tairi lililopasuka kwenye shimo. Ukitaka kwenda Tanga au Dodoma nalo, panga safari ukijua hivyo. Spea za Vitz zimejaa kila kona ya mji, za gari hili utaagiza na kusubiri, basi usiwe mtu wa kugombana na fundi kwa kosa ambalo si lake.

Turubai lenyewe linataka kivuli, jua letu linalichosha. Usiache kitu chochote cha thamani ndani, kwa sababu mwizi hahitaji kuvunja kioo, kisu kinamtosha, na turubai jipya ni ghali kuliko alichoiba. Wako wenye magari haya ambao hawafungi kabisa milango wakiegesha, ili mwizi afungue, aone hakuna kitu, aende zake. Sijui niwacheke au niwasifu.

Halafu ekzosi. Kwa nini kila anayenunua gari hili, kitu cha kwanza anakwenda kutoboa ekzosi? Gari limetoka kiwandani na sauti ya adabu. Wewe unaifanya ipige kelele saa tano usiku, kuna mgonjwa nyumba ya tatu, kuna mtoto amelazwa kwa tabu. Haki ya jirani tunaihubiri kila Ijumaa na hatuihesabu inapofika kwenye ekzosi. Liache kama lilivyo.

Sasa pesa. Kununua kwa mkopo wa riba, jibu langu unalijua, na kitu cha anasa hakina hata ile hoja ya dharura ambayo watu hujitetea nayo. Wengine wananiambia "Sheikh, haya ya zamani yanapanda bei, ni uwekezaji". Sawa, matoleo ya mwanzo yamepanda kweli. Lakini kama umelinunua kwa nia ya kuliuza upate faida, hiyo ni bidhaa ya biashara na ina zaka yake kila mwaka. Kama umelinunua kwa kulipanda mwenyewe, halina zaka. Chagua nia moja. Usiwe mfanyabiashara mbele ya mkeo na mpandaji mbele ya mkusanya zaka.

Na hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tumezoea kumwona mwenye gari la viti viwili kuwa ndiye mfujaji, na mwenye gari kubwa jeusi la juu kuwa ndiye mtu mzima mwenye heshima. Lakini yule wa gari kubwa mara nyingi amekopa, analipa riba miaka mitano, anakunywesha mafuta kila siku mbili, siti saba zinazunguka mjini tupu, na kalinunua ili akifika harusini watu wamfungulie geti bila kumuuliza. Huyu wa kigari kidogo amelipa taslimu, linakula mafuta kama gari dogo la kawaida, na analiendesha Jumapili asubuhi baada ya alfajiri barabara zikiwa tupu, haonwi na mtu. Israfu haipimwi kwa idadi ya viti. Ukiniuliza kati ya wawili hao yupi namwogopea zaidi, namwogopea yule wa geti.

Dada yangu ambaye mumeo ameanza kukuonesha picha za kigari hiki, usiwahi kusema hapana, na usiwahi kusema ndiyo. Muulize kwa upole: baba fulani, ada za watoto za muhula ujao ziko wapi? Lile gari jingine lina bima na matairi mazima, au ndilo litakalouzwa ili hili lije? Na ushuru wa bandarini umeuliza? Akikujibu yote matatu kwa namba na si kwa hasira, mwache anunue. Kisha ujifunze gia za mkono, maana kile kiti cha kushoto si lazima kiwe chako kila siku.

Wabillahi tawfiq.